Tovuti ya Biashara Ndogo Haitaki Matangazo Kwanza, Inataka Mwenyewe

Wafanyabiashara wengi wa hapa Tanga, kuanzia wenye nyumba za wageni kule Raskazone hadi mafundi samani wa Ngamiani, siku hizi wana tovuti, na wakikutana na mtu anayezifahamu kidogo humuuliza swali lile lile: walipie matangazo wapi ili zionekane? Kwa maoni yangu swali hilo huulizwa mapema mno. Tovuti nyingi za mjini kwetu hazijakosa watazamaji bali zimekosa mtu wa kuziangalia, na kulipia tangazo ili mteja afikishwe kwenye ukurasa wenye bei za zamani na namba ya simu isiyopatikana ni kumwita aje ashuhudie uzembe.

Ninalolishikilia kuliko yote ni umiliki wa jina la tovuti. Fundi anayekuja kutengeneza mara nyingi hulisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato, na mambo huenda vizuri hadi siku atakapohamia Arusha na kubadilisha namba, huku taarifa ya kulipia mwaka unaofuata ikiishia kwenye barua pepe isiyofunguliwa na mtu. Jina la tovuti hulipiwa kwa muda, halinunuliwi likawa lako milele. Jina linaloishia na .com, likishafutwa na kampuni iliyolisajili kwa kutolipiwa, huwa na siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, na baada ya siku chache zaidi huachiwa yeyote anayelitaka. Wapo wanaoishi kwa kuvizia majina ya namna hiyo, na mgeni wako wa zamani akiifungua anwani iliyo kwenye kadi uliyompa anaweza kukuta kamari. Liwe .com au .co.tz, jina lisajiliwe kwa barua pepe ya biashara na nywila ikae kwa mwenye mali. Fundi apewe funguo za kufanyia kazi, si hati ya nyumba.

Yanafuata maelezo yenyewe. Kurasa nyingi hufunguka na maneno "Karibu sana, tunatoa huduma bora na za kisasa kwa bei nafuu", sentensi ambayo haimsaidii mtu yeyote kuamua. Karani wa kampuni anayetafutia malazi wafanyakazi wa mradi wa bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani anataka kujua vyumba vyenye kiyoyozi ni vingapi, umeme ukikatika kuna jenereta, gari litalala wapi, chai ya asubuhi imo kwenye bei au haimo, na kama risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatolewa. Mtalii wa mapango ya Amboni anauliza umbali na nauli ya bajaji. Ningeshauri pale mapokezi pawe na daftari la maswali yanayoulizwa kwa simu, na kila mwezi majibu yake yaongezwe kwenye tovuti, kwa sababu maneno ambayo watu huyauliza kwa mdomo ndiyo hayo hayo wanayoyaandika Google. Na yaandikwe kwa Kiswahili pia. Inashangaza kuona nyumba ambayo wageni wake wengi hutoka Moshi, Dar es Salaam na Mombasa ikijieleza kwa Kiingereza kitupu.

Picha nazo zipunguzwe kabla ya kupandishwa. Picha ya chumba iliyotoka kwenye simu ikiwa na megabaiti 5 humla bando msafiri aliye ndani ya basi karibu na Segera, naye huondoka kabla kitanda hakijaonekana. Picha hiyo hiyo ikishushwa chini ya kilobaiti 200 inapendeza vilevile kwenye kioo cha simu. Programu ya tovuti isasishwe, na cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ianze na https, kisiachwe kikaisha, maana tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome huwatahadharisha watu kuhusu tovuti zisizo nacho.

Hapo ndipo kutangaza kunapokuwa na maana, na kwa kuanzia hakugharimu kitu. Biashara iandikishwe kwenye ramani ya Google, kwa jina, namba na saa zile zile zilizo kwenye tovuti. Kwa aliyeko Ngamiani, ambako mitaa huitwa kwa namba, alama hiyo humwokoa mgeni na kuzunguka bure. Wateja walioridhika waombwe waandike maoni yao, na lawama zijibiwe kwa adabu, lakini wapwa na mabinamu wasitumwe kusifia vyumba wasivyowahi kulala. Tangazo la kulipia lina nafasi yake, hasa msimu wa likizo, ila nisingelitolea hata shilingi kabla ya kuazima simu ya mtu mwingine, kupiga namba iliyo kwenye tovuti, na kusikia ni nani anayepokea.