Firigisi ya Mama Mkwe

Pikipiki yangu ilikuwa inakojoa. Sina neno la heshima zaidi. Nikiiegesha jioni chini ya mkorosho, asubuhi nakuta mchanga wa Newala umelowa duara la ukubwa wa sahani, na harufu ya petroli imenitangulia mpaka msalani. Ni ile aina wanayopewa mabwana shamba na manesi wa chanjo: ndefu, madigadi yamenyanyuka, tairi zina meno kama mamba. Mimi niliipata mnadani, baada ya mtu mwingine kuimalizia nguvu kwenye makorongo ya bonde la Ruvuma.

Mke wangu alinishauri mawili. Kwanza, funga koki ya mafuta usiku. Pili, ipeleke kwa fundi. La kwanza nililifuata, lakini asubuhi nikakuta koki iko wazi, nikajilaumu kwa usahaulifu. La pili nililikataa. Huku kusini mwanamume kuhamia ukweni si ajabu, ila ukishahamia inabidi angalau mara moja kwa wiki uonekane una faida. Wiki ile nilikuwa sijaonekana bado.

Isitoshe, kabureta nilishaona ikifunguliwa kijiweni mara tatu. Kazi yake ni ileile ya tangi la choo cha kuvuta. Petroli ikiingia kwenye kibakuli, boya linapanda. Likipanda linasukuma kisindano kinachoziba tundu la mafuta. Ukiona mafuta yanatiririka kwenye kile kimpira cha chini, kisindano hakizibi. Kila mtu kijiweni anajua hivyo, hata wale wasio na pikipiki.

Tena nilikuwa na mshukiwa wangu: salfa. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kupulizia mikorosho, na kila kitu pale nyumbani kilikuwa cha njano mpaka kope za watoto. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alishinda na bomba la injini mgongoni. Nilipoichungulia kabureta kwa chini nikaona vumbi la njano limeganda pale kwenye skrubu ya kumwagia mafuta. Nikasema, umeona? Limeingia mpaka ndani.

Jumamosi asubuhi nikatandika gunia uani. Bakuli la kabureta lina skrubu nne. Tatu zilitoka kistaarabu, ya nne nikaimaliza kichwa kwa kisu cha jikoni, na hilo tuliache. Nikasukuma pini kwa msumari, boya likachomoka, na kisindano kikaangukia kiganjani mwangu: kifupi kama punje ya mchele, kinang'aa, ncha yake nyeusi ya mpira. Nikakiweka juu ya kifuniko cha ndoo, mahali pa usalama, nikainama kupuliza jeti kwa mdomo.

Petroli ina ladha mbaya sana. Nikawa natema mate, macho yamejaa machozi. Nilipofumbua, nikaona miguu miwili mirefu ya njano imesimama juu ya gunia langu.

Alikuwa jogoo wa kuchi wa mama mkwe. Shingo kama mlingoti, kifua mbele, ndiye aliyetawala ua ule kabla yangu na alilijua hilo. Alikitazama kisindano kwa jicho la kulia, akageuza kichwa akakitazama kwa la kushoto, akadonoa. Kikapita. Halafu akafuta mdomo kwenye gunia, upande huu na upande huu, kama mtu aliyemaliza biriani ya watu.

Nilimkimbiza mizunguko minne ya nyumba. Shemeji alikuwa barazani anacheka mpaka kofia imemdondoka. Mama mkwe akatoka.

"Mkwe, kuku wangu anakudai?"

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia mara mbili tangu alfajiri.

"Marahaba. Kuku."

"Amemeza pikipiki, mama."

Kikakaa kikao. Shemeji alitoa wazo kwamba nimfuate jogoo na kibakuli mpaka atakapojisaidia, na nakiri nilimfuata hadi adhuhuri, huku watoto wa jirani wakinifuata mimi. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Kuku hana meno, akasema. Kitu kigumu kikifika kwenye firigisi hakitoki, kinawekwa humo pamoja na changarawe kisagie mahindi. "Utamfuata mpaka Tandahimba." Akaingia ndani, akarudi na kisu, akampa mwanawe. Hakutaka kuangalia.

Firigisi ilipopasuliwa tulikuta mahindi, vijiwe, shanga moja ya bluu na kisindano changu. Nilishangilia peke yangu.

Usiku kukawa na mchuzi wa nazi na ugali wa muhogo. Sasa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hilo halina mjadala tangu enzi za mababu. Nikanyoosha mkono. Mama mkwe akasogeza bakuli. "Wewe cha kwako cha kwenye firigisi umeshachukua." Akampa shemeji, aliyeitafuna taratibu huku ananiangalia.

Ile ncha ya mpira ilikuwa imeshasagika, kwa hiyo nilikuwa nimeshakimbilia duka la spea kabla halijafungwa. Kisindano kipya, ndani ya kipakiti cha nailoni, kilikuwa na bei ambayo haifikii hata paja la yule jogoo. Bei hiyo sijamtajia mtu pale nyumbani mpaka leo. Nikakifunga usiku uleule kwa tochi ya simu, nikafunga koki, nikalala kama mshindi.

Asubuhi, duara la sahani lilikuwa palepale.

Niliikokota hadi kwa fundi bila kumwambia mtu. Fundi alichuchumaa, hakufungua kitu. Akapitisha bisibisi chini ya kibakuli, akazungusha robo mzunguko. Tone likaning'inia kwenye kimpira, likaanguka, halikufuatiwa na jingine.

"Skrubu ya kumwagia ilikuwa imelegea, kaka. Mafuta yake yanatokea kimpira hikihiki."

"Na kisindano?"

"Hakikuwa na kosa."

"Boya je?"

"La kabureta ni zima," akasema, akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akapangusa kidole chake kwenye suruali. Kilikuwa cha njano. "Kaka, nani anakinga mafuta hapa usiku?"

Nilirudi nyumbani taratibu. Shemeji alikuwa chini ya mkorosho anajaza bomba lake la salfa kwa petroli iliyokuwa kwenye chupa ya soda, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio, vidole vyote kumi vya njano. Aliniona ninavyoiangalia ile chupa. Akaiangalia na yeye.

"Shem," akasema, "nilikuwa nakinga kidogo tu. Nusu chupa. Huwa nakaza nikimaliza."

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua kisamvu. Alisikia yote. Hakuinua macho.

"Mwanangu," akamwita, kwa sauti ya upole kabisa. "Ile firigisi ilikuwa tamu?"