Kenge wa Bangkok

Yule dada wa Kariakoo niliyefuatana naye Bangkok kuchukua nguo za jumla Pratunam aliijua Thailand utadhani kazaliwa huko. Ndege haijatua, semina imeanza. Salamu yao ni viganja pamoja kifuani na kuinama kidogo. Kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto. Nyayo usimwelekezee mtu, na mbele ya sanamu ya Buddha ndiyo usithubutu. "Na huo mdomo, mdogo wangu, uuchunge. Huku kumtusi mfalme ni jela hadi miaka 15."

Akanipa na jiografia: kaskazini milima, kusini kipande chembamba kinachoteremka hadi Malaysia, kaskazini-mashariki Isan, kwao wachoma kuku hodari. Nchi hii Mzungu hajawahi kuitawala, alisema kwa majivuno, kana kwamba ni yeye aliyemzuia.

Habari za kenge, kimya.

Jioni tukaenda bustani ya Lumphini, katikati ya jiji. Dada akaelekea getini kununua maji, akaniachia mfuko wa kuku wa Isan na wali wa kunata. Nimekaa kwenye nyasi kando ya ziwa, mara maji yakatikisika.

Mimi ni mtu wa Rufiji, kenge namjua: akikuona, anakimbia yeye. Wa Lumphini wamezoea watu, na wengine hufika mita 2. Huyu alitoka majini taratibu, ulimi nje, akanijia kama mkaguzi wa leseni. Nikaacha mfuko, nikaacha na ndala moja.

"Kenge! Kenge!"

Sasa saa hiyo ilikuwa 12 kamili jioni. Thailand wimbo wa taifa hupigwa kila siku saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, na ukipigwa mahali kama pale kila mtu husimama alipo. Spika zikalia. Waliokuwa wakikimbia mazoezi wakaganda njiani, wazee wakainuka kwenye mabenchi. Nikajua na wao wamemwona! Nikaongeza sauti. Basi piga picha: mamia ya watu wamesimama wima kwa heshima, na Mrufiji mmoja anapita katikati yao pekupeku mguu mmoja, akiwaita kenge mmoja baada ya mwingine.

Kiswahili pale alikijua mtu mmoja tu. Alikuwa amekakamaa getini chini ya sanamu ya Mfalme Rama wa Sita, aliyeitoa ardhi hiyo miaka ya 1920. Bila kugeuza shingo, kwa meno: "Simama, mwehu wewe! Wimbo wa taifa!"

Nilisimama. Ile miaka 15 ikanijia yote kwa pamoja. Nikaunganisha viganja, nikavipandisha hadi kwenye paji la uso, nikamwinamia mfalme wa shaba mpaka wimbo ukaisha.

Watu wakaendelea na mbio zao. Mlinzi akanijia; nikaanza kujitetea kwa Kiswahili, Kiingereza na mikono. Yeye akaninyooshea kidole ziwani, kicheko kimemshika: mfuko wa kuku ulikuwa unazama, mkia ukiusindikiza.

Dada hakucheka. Kuku wa pili nilimnunua kwa hela yangu, naye amenisimamia begani nisichague mdogo.