Mtihani uliofanyiwa nchi jirani

Katikati ya miaka ya 1990, kijana mmoja wa Guatemala aliyekuwa akiomba kujiunga na chuo kikuu nchini Marekani alikuta nafasi za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zimekwisha nchini mwake, akalazimika kupanda ndege kwenda El Salvador ili tu aufanye. Kijana huyo ni Luis von Ahn, ambaye baadaye alianzisha Duolingo, programu ya kujifunzia lugha inayotumiwa na mamilioni ya watu duniani. Nilipolisikia simulizi hilo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mpwa wangu, aliyepanda basi la alfajiri kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa ajili ya mtihani wa namna hiyohiyo, akalala kwa jamaa siku mbili, baada ya ndugu wanne kuchangishana ada yake. Tangu hapo nimeifuatilia kazi ya von Ahn kwa karibu, na nimeona kwamba karibu kila alilolibuni linarudi kwenye swali moja: nani anayebeba kazi na gharama, na nani anayechukua faida?

Von Ahn alizaliwa mwaka 1978 katika Jiji la Guatemala, akalelewa na mama peke yake, mwanamke daktari. Familia yao ilikuwa na kiwanda cha peremende, na huko alipata mitambo ya kufungua na kuichunguza. Alipofikisha miaka minane alitamani mashine ya michezo ya Nintendo; mama yake akamnunulia kompyuta ya Commodore 64, naye akalazimika kujifunza mwenyewe namna ya kuitumia. Watu wengi hupenda kulisimulia tukio hilo kama ishara ya kipaji kilichojitokeza mapema. Mimi ninaliona kwa namna nyingine, na ninadhani mwenyewe analiona hivyo pia, kwa kuwa amesema mara nyingi kwamba mama yake alitumia alichokuwa nacho ili mwanawe apate elimu ya watoto wa matajiri. Katika nchi kama Guatemala, mwenye fedha hununua elimu bora na kwa elimu hiyo hubaki na fedha, huku asiye nazo akijifunza kusoma na kuandika kwa taabu na kubaki alipo. Kwa hiyo elimu, ambayo tunaambiwa kwamba husawazisha, huweza kulipanua pengo lilelile. Von Ahn anatoka upande uliobahatika wa pengo hilo, hafichi, na ninamheshimu kwa kutokuficha.

Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Duke, kisha akaenda Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, ambako msimamizi wake wa shahada ya uzamivu alikuwa Manuel Blum, mzaliwa wa Caracas na mshindi wa Tuzo ya Turing, tuzo kuu katika sayansi ya kompyuta. Mwaka 2000 kampuni ya Yahoo ilikuwa ikisumbuliwa na programu zilizojisajilia maelfu ya anwani za barua pepe ili kusambaza barua taka. Von Ahn, Blum na wenzao wakabuni CAPTCHA, yaani zile herufi zilizopindapinda ambazo binadamu huzisoma na mashine ya wakati ule ilishindwa. Uvumbuzi ulienea kote, na wengine wangeridhika hapo.

Yeye alipiga hesabu. Watu walikuwa wakiandika herufi hizo takriban mara milioni 200 kwa siku, na kila mara ilichukua kama sekunde kumi. Kwa jumla binadamu walikuwa wakipoteza zaidi ya saa 500,000 kila siku kwa sababu ya kitu alichokibuni yeye. Jambo hilo lilimkera. Kutokana na kero hiyo ikazaliwa reCAPTCHA mwaka 2007, na inafaa nieleze ilivyofanya kazi, maana hapo ndipo akili ya mtu huyu inapoonekana vizuri zaidi. Vitabu na magazeti ya zamani yalipopigwa picha ili yawekwe kwenye kompyuta, mashine ilishindwa kuyasoma maneno mengi kwa sababu wino ulikuwa umefifia. Mfumo mpya ukamwonyesha mtumiaji maneno mawili: moja ambalo jibu lake lilijulikana tayari, na jingine lililotoka katika ukurasa uliofifia. Ukiliandika sawasawa lile linalojulikana, mfumo uliamini kwamba wewe ni binadamu, na jibu lako la neno la pili likalinganishwa na majibu ya watu wengine hadi walipokubaliana. Kwa njia hiyo kumbukumbu za gazeti la The New York Times, pamoja na vitabu vingi mno, zilisomwa neno kwa neno na watu waliodhani kwamba wanafungua tu akaunti ya barua pepe. Google iliinunua kampuni ya reCAPTCHA mwaka 2009.

Nimewahi kuwasimulia vijana habari hii, na huwa ninawaomba wasiharakishe kufika kwenye neno Google. Jambo la kujifunza liko kabla ya hapo. Mtu huyu aliutazama muda wa wengine kama mali, akahuzunika kuona unamwagika, akatafuta chombo cha kuukinga. Vijana wengi wanaoniomba ushauri huanza na teknolojia waliyoisikia juzi, ndipo wakatafute tatizo la kuibandikia. Kwa von Ahn, kero ilitangulia na mashine ikafuata.

Hata hivyo, ndani ya reCAPTCHA mna jambo ambalo halinipi utulivu. Mamilioni ya watu walifanya kazi yenye thamani, wengi wao bila kujua, na hakuna aliyewalipa. Inaweza kujibiwa kwamba sekunde kumi hazina mshahara, na kwamba vitabu vilivyookolewa vimenufaisha umma. Jibu hilo lina uzito. Lakini kampuni iliuzwa, na waliouza hawakuwa wale walioandika maneno.

Duolingo ilianza katika fikra hiyohiyo. Von Ahn na mwanafunzi wake kutoka Uswisi, Severin Hacker, waliifungua kwa umma mwaka 2012 wakiwa na mpango kwamba wanafunzi wajifunze bure, na wakati huohuo mazoezi yao yatoe tafsiri za maandishi ambazo zingeuzwa. CNN ilikuwa miongoni mwa wateja. Mpango huo uliachwa walipoona kwamba kampuni ingegeuka kuwa ya tafsiri badala ya elimu. Badala yake wakaweka matangazo, na usajili wa malipo kwa wasiotaka matangazo. Walio wachache wanaolipa, na ambao kwa kawaida wana uwezo, hugharimia wengi wasiolipa, na von Ahn huutaja utaratibu huo kama namna ya kugawana mali. Ninaukubali kwa moyo wote. Mtu wa Guatemala au wa Kigoma anapata somo lilelile analopata mtu wa Boston, na hadaiwi kitu.

Kuhusu mtihani, kampuni ilianzisha wake wa Kiingereza mwaka 2014, unaofanyiwa nyumbani kwa kompyuta, kwa ada iliyo ndogo sana ikilinganishwa na mitihani iliyotangulia. Vituo vya mitihani vilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, vyuo vingi viliukubali. Ninapofikiria kwamba aliyeujenga ni yule aliyevuka mpaka kuutafuta mtihani, ninaona kwamba alilipa deni kwa namna iliyo bora kuliko hotuba yoyote.

Sisi wa Kiswahili tuna hisa yetu katika habari hii. Kozi ya Kiswahili kwa wazungumzaji wa Kiingereza ilifunguliwa mwaka 2017, nayo iliandikwa na watu wa kujitolea, wakiwamo waliowahi kutumikia Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, katika Afrika Mashariki. Mimi hufundisha Kiswahili kwa wageni, na wanafunzi wengi hunijia wakiwa wameshaanza na yule bundi wa kijani, nembo ya Duolingo, ndege ambaye kwetu kilio chake juu ya paa ni uchuro. Hufika wakijua salamu na maneno mengi, na wameshaonja ngeli. Wasichojua ni kwamba shikamoo ina wa kupewa na wa kutopewa, na kwamba baada ya hujambo kuna habari za nyumbani, za kazi na za watoto kabla ya kusema shida yako. Silaumu programu kwa hilo, maana wanaofika kwangu wakiwa na msingi huo hunipunguzia kazi ya mwezi mzima.

Hoja yangu ni kuhusu wale waliojitolea. Mwaka 2021 kampuni iliingia katika soko la hisa la Nasdaq, na mwaka huohuo ikaufunga mpango wa kujitolea na kuwapa waliokuwamo tuzo ya fedha. Hilo lilikuwa jambo la haki. Kisha mwezi Aprili 2025 von Ahn akawaandikia wafanyakazi kwamba kampuni itatanguliza akili unde (AI), na kwamba hatua kwa hatua itaacha kuwatumia watu wa mkataba kwa kazi ambazo mashine inaweza kuzifanya. Watumiaji wengi walikasirika, naye baadaye akafafanua kwamba hakukusudia kuwaondoa waajiriwa. Hapa ndipo ninapoachana naye. Huyu ndiye anayesimulia jinsi kampuni yake, baada ya kutafuta mkuu wa fedha kwa muda mrefu, ilivyomkataa mtu mwenye sifa zote kwa sababu alimtendea jeuri dereva aliyempokea uwanja wa ndege. Aliona ni heri kiti kibaki kitupu. Ushauri huo ninauthamini kuliko mwingine wowote aliowahi kuutoa, na kwa sababu hiyohiyo ninatarajia adabu iliyomstahili dereva imfikie pia mwandishi wa mkataba aliyetunga sentensi ambazo mashine imejifunza kwazo.

Ningependa kozi ya Kiswahili ipitiwe upya na walimu wanaoishi na lugha hii, kuanzia Lamu na Unguja hadi Bukavu, wakilipwa kwa saa zao kama wataalamu wengine wanavyolipwa, na majina yao yawekwe mahali ambapo mwanafunzi atayaona. Kampuni inayoweza kuzihesabu sekunde kumi za mtu asiyemjua inaweza kuzihesabu saa za mwalimu. Mpwa wangu alifaulu mtihani wake, na sasa anawafundisha wenzake Kiingereza jioni, katika chumba cha kupanga, kwa simu moja wanayopokezana.