Setelaiti Zimenilaza Gesti

Tangu nianze kwenda kazini kwa baiskeli, Tabata hadi Posta, daktari kafurahi, mke wangu kafurahi, ila aliyefurahi kuliko wote ni mama muuza supu wa Buguruni. Makongoro, chapati nne, nusu saa ya mapumziko. Nyumbani wanajua asubuhi nakunywa maji ya uvuguvugu yenye limao.

Kwenye usukani nimefunga kompyuta ya baiskeli, kale kadude ka GPS. Kanaandika mwendo, umbali na kalori, kisha safari nzima inaingia kwenye simu, imechorwa kwenye ramani. Kanaweza kuacha kurekodi chenyewe ukisimama, lakini nilikazima hiyo sehemu, maana kwenye foleni kalikuwa kanapiga pii, pii, hadi makonda wakawa wanakajibu.

Mke wangu akachukua simu yangu anunue LUKU, akakutana na ramani. Mstari unatoka Tabata umenyooka, ukifika Buguruni unajiviringisha kama uzi uliochezewa na paka, nusu saa, halafu unaendelea na safari. Na ule mviringo haukuwa kwenye supu. Ulikuwa juu ya gesti ya nyuma yake.

GPS ndivyo ilivyo. Inataka walau setelaiti 4, ziko juu huko kilomita 20,000 na zaidi, na mawimbi yake yakigonga ukuta wa ghorofa kabla ya kukufikia, hesabu inapinda. Ukiwa mwendoni huoni sana. Ukikaa kwenye kibanda cha mabati kando ya ghorofa, wewe unatafuna, yenyewe inakutembeza vyumba vya watu.

Hakuniuliza kitu. Kesho yake akanisindikiza hadi getini, heshima ambayo sijaipata tangu fungate.

Niko na mfupa mdomoni, bajaji ikasimama mlango wa gesti. Akashuka yeye, khanga kiunoni, na shemeji nyuma yake. "Baba Neema yuko chumba gani?" Kijana wa mapokezi akaapa hamjui. Shemeji akaanza kugonga milango. Akatoka mzee mmoja na taulo, anaomba asipigwe picha.

Ningekimbia, baiskeli ilikuwa pale pale. Lakini kale kadude kangeandika hata hilo.

Mama supu, kwa roho nyeupe kabisa, akapaza sauti: "Dada, Baba Neema si huyu hapa! Leo kaongeza chapati ya tano!"

Mke wangu akaja taratibu, akalitazama bakuli. Nikaanza kueleza habari za setelaiti, nikafika ya pili akanikata.

"Bora ningekukuta kule gesti. Makongoro, na presha yako hiyo?"

Shemeji alikuwa ameshakaa kwenye benchi. "Mama, na mimi nitilie, pilipili pembeni. Analipa shemeji."