Tuone Kwanza Dawa Imefika Wapi

Aliyewahi kumuuguza mtu wodi ya saratani anaijua dawa ya doksorubisini kwa rangi yake. Ni nyekundu, husukumwa taratibu mshipani, na baadaye hata mkojo hutoka mwekundu. Nywele hupukutika. Moyo nao huweza kudhurika, ndiyo maana madaktari hujumlisha kila dozi aliyowahi kupewa mgonjwa.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, yaani doksorubisini ileile iliyofungwa ndani ya viputo vidogo mno vya mafuta, liposomu. Moyo ulipata nafuu. Lakini ahadi kubwa ya dawa za nano, yaani dawa zinazobebwa na chembe ndogo mno kama hizo, ilikuwa nyingine: kwamba zitajikusanya kwenye uvimbe. Matsumura na Maeda wa Japani walikuwa wameeleza mwaka 1986 kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo chembe hupenya na kunasa humo.

Shida ni kwamba mishipa ya uvimbe wa mgonjwa huyu huvuja na ya yule haivuji. Watafiti wa Toronto walipopitia tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, mwaka 2016, kiwango cha kati cha dozi iliyofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7. Nyingine yote huishia kwingine mwilini, ini likibeba mzigo mkubwa.

Kwa hiyo mimi nasema dawa ya nano isiyoweza kuonekana mwilini ni ya kubahatisha. Na kisa cha MM-302 bado kinaniuma. Kampuni ya Merrimack ya Marekani ilitengeneza liposomu za doksorubisini zinazoitafuta HER2, protini inayojaa kwenye seli za baadhi ya saratani za matiti. Watafiti wakazitia shaba-64, shaba yenye mionzi, wakawapiga picha za PET, zinazoonesha mionzi hiyo ilipo mwilini, wagonjwa 19 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Kiasi cha dawa kilichoingia kilitofautiana kwa takriban mara 35 kati ya uvimbe mmoja na mwingine, na walioingiwa na nyingi walielekea kufanya vizuri zaidi. Njia ya kuwachagua wagonjwa ilikuwa mkononi! Hata hivyo jaribio kubwa lililofuata, HERMIONE, halikuwachagua kwa picha. Desemba 2016 lilisimamishwa kwa kuwa dawa haikuonesha dalili ya kuishinda tiba ya kawaida. Sidai kwamba ingeshinda. Nasema waliojitolea miili yao walistahili swali liulizwe kwanza: je, dawa inafika kwenye uvimbe wao?

Wala sitetei chembe moja iliyorundikiwa kila kitu, dawa, rangi, sumaku na kingamwili. Hizo hupendeza maabara, kisha kiwanda kinashindwa kuzitengeneza kwa ubora uleule kila mara. Napenda AGuIX ya Ufaransa: chembe ndogo zenye metali ya gadolini, zinazoonekana kwenye MRI, mashine ya picha itumiayo sumaku, na papo hapo kuongeza makali ya tiba ya mionzi, kisha figo huzitoa. Jaribio la kwanza lilifanyika Grenoble kwa wagonjwa 15 ambao saratani ilikuwa imesambaa ubongoni. Nasi wa Afrika Mashariki tuifuatilie kwa karibu, maana mashine za PET kwetu ni za kuhesabu, MRI angalau zipo zaidi.

Kamati za maadili zinazopitisha majaribio zina uwezo wa kulibadilisha hili bila kungoja uvumbuzi mpya. Kila linapoletwa ombi la dawa ya nano, ziulize: mgonjwa ataoneshwaje kwamba dawa imefika kwenye uvimbe wake, na isipofika, atahamishiwa tiba gani, ndani ya wiki ngapi?