Kukwea Miti kwa Kamba: Pesa Yako Ianzie Kwenye Mkanda

Nasema "kukwea" kwa makusudi, maana ukimwambia mtu wa hapa kwetu unapenda kupanda miti, atakuletea miche. Ninachozungumzia ni kupanda juu kwa kamba, kwa raha tu, bila kuangua nazi wala kukata tawi. Mwaka 1983, huko Atlanta nchini Marekani, Peter Jenkins alianzisha Tree Climbers International, akawa anawafundisha watu wa kawaida mbinu za mafundi wa kutunza miti.

Mwaka jana shemeji yangu alinijia na furushi: kamba ya manila kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na mkanda wa kukwea miamba wa mtumba, yaani ule unaovaliwa kiunoni na mapajani na kuunganishwa na kamba. Nilimkataza asikwee, na leo ningemkataza tena.

Tuanze na mkanda. Ule wa miamba umetengenezwa kumdaka mtu anayeanguka, si kumkalisha. Kwenye mti unaning'inia nusu saa, pengine saa nzima. Mikanda ya mapajani inabana, miguu inaingia ganzi, na mtu mwenye ganzi hufanya haraka pale anapopaswa kutulia. Mkanda wa mafundi wa miti ni mpana kiunoni na mapajani, unakaa kama uko kwenye kiti. Kama pesa inatosha kitu kimoja kizuri, iwe hicho. Na usinunue mtumba! Mtumba wa shati sina neno nao, lakini mkanda au kamba iliyounguzwa na jua au kumwagikiwa asidi ya betri inaweza kuonekana nzima kabisa machoni.

Kamba ya manila ya dukani ni plastiki. Ikisuguana inapata joto na kuyeyuka. Ya katani huoza kwa ndani. Tafuta kamba ya kukwelea miti isiyovutika sana, unene wa milimita 11 hadi 13. Ya mita 45 inakufikisha karibu mita 20, kwa sababu inapita juu ya tawi na kurudi chini. Ongeza karabina zenye kufuli, yaani pete za chuma za kuunganishia kamba na mkanda, na kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni. Kofia ya ujenzi isiyo na mkanda huo itadondoka mara tu ukiangalia juu.

Vifaa vya chuma vya kupandishia, vinavyong'aa kwenye picha, viache kwanza. Jifunze fundo la Blake: kamba inazungushwa mara nne kwenye upande wake wa pili unaoning'inia, kisha ncha yake inapitishwa nyuma ya mizunguko miwili ya chini, na mwishoni unafunga fundo la kuzuia isichomoke. Ukilisukuma juu linateleza, ukilikalia linabana. Mimi nilihitaji mwalimu wa kunishika mkono, na naamini kila mtu anamhitaji.

Kamba hupandishwa kwa kurusha kwanza uzi mwembamba wenye kifuko cha uzito. Chagua tawi bichi, unene wa sentimita 15 kwenda juu, ulipitishie kamba karibu na shina, kisha ning'inieni watu wawili kulijaribu mkiwa bado ardhini. Kabla ya hayo uzunguke mti mzima ukitazama nyaya za umeme, mizinga ya nyuki, matawi makavu na mashimo kwenye shina. Viatu vya miiba usivikaribie: vinautoboa mti ulio hai, na majeraha yake ni mlango wa magonjwa. Kamba nayo ikisugua gome hulichubua, kwa hiyo pitisha kamba ndani ya mpira au ngozi ya kukinga tawi.

Usikwee peke yako. Siku za mwanzo usivuke mita moja: panda, shuka, fungua fundo, lifunge upya, mwenzako alikague kabla hujaliwekea uzito.

Shemeji alinunua mkanda mpya baada ya kudunduliza miezi kadhaa. Tulifanya mazoezi hayo kwenye mwembe nyuma ya nyumba jioni nne mfululizo. Ya tano akakwea hadi matawi ya katikati, akakaa huko kimya mpaka adhana ya magharibi.