Asilimia 0.01 iliyogeuka kura 142,000

Tarehe 16 Agosti 2022, siku moja baada ya Wafula Chebukati kumtangaza William Ruto kuwa rais mteule wa Kenya, makamishna wanne wa tume ya uchaguzi, IEBC, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, walieleza kwa nini wanayakana matokeo hayo. Sababu mojawapo ilikuwa ya hesabu: asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinazidi mia. Na kweli zilizidi. Ruto 50.49, Raila Odinga 48.85, George Wajackoyah 0.44, David Waihiga Mwaure 0.23, jumla 100.01. Wakasema ziada hiyo ni sawa na kura kama 142,000, yaani zaidi ya nusu ya pengo lililokuwepo kati ya Ruto na Raila.

Hapo ndipo hesabu ilipokwenda mrama. Kura halali zilikuwa 14,213,027. Kura 142,000 ni asilimia moja nzima ya hizo. Asilimia 0.01 ni kura 1,421. Na hata hizo 1,421 hazikuwepo popote: kura 61,969 za Wajackoyah ni asilimia 0.436, ikaandikwa 0.44, kura 31,987 za Mwaure ni 0.225 na kidogo, ikaandikwa 0.23, asilimia za Ruto na Raila nazo zilisogezwa juu kwa chembe. Zote nne zikisogezwa juu hivyo, jumla inavuka mia. Mwanafunzi wa sekondari hukutana na jambo hili katika somo la makadirio.

Wakenya wengi waliliona kosa hilo muda mfupi baadaye na kulianika mtandaoni kwa kikokotoo cha simu. Hawakuhitaji mahakama wala mtaalamu. Walihitaji idadi ya kura za watu wanne, nazo zilikuwa hadharani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo dawa ya uzushi wa kisiasa ilipo, na ndipo serikali zetu hazipendi kutazama. Uzushi hupungua nguvu mwananchi akiwa na karatasi ya asili ya kulinganishia, na hunenepa pale karatasi hiyo inapofichwa au inapochelewa.

Mwaka 2017 ilichelewa. Kabla ya kura, tume ilitangaza kwamba vituo zaidi ya 11,000 viko nje ya mtandao wa 3G na 4G. Skrini za Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais hujumlishwa, zikawa zinaonyesha namba zikipanda, huku fomu nyingi za kuthibitisha namba hizo hazijaonekana hata baada ya Uhuru Kenyatta kutangazwa mshindi tarehe 11 Agosti. Kila kambi ikaleta hesabu yake. Mahakama ya Juu iliagiza seva zifunguliwe kwa ukaguzi, tume haikutii kikamilifu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukabatilishwa.

Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu 34A kwenye tovuti ya wazi, na ndani ya siku mbili karibu vituo vyote 46,229 vilikuwa vimeingia. Fomu hii ndiyo kiini cha kila kitu. Hujazwa kwa mkono na msimamizi wa kituo baada ya kuhesabu kura za sanduku moja, mawakala wa wagombea hutia sahihi na kupewa nakala, nakala nyingine hubandikwa mlangoni, na picha yake hutumwa kwa kutumia KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume kilichopo kituoni. Mahakama ya Rufaa ilishaamua Juni 2017 kwamba matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. Anayetaka kuiba huko juu lazima agombane na karatasi 46,229 ambazo mawakala wana nakala zake.

Kwa hiyo ukitumiwa picha ya fomu iliyodaiwa kuchezewa, usianze na namba za wagombea. Anza juu: kaunti, eneo bunge, wadi, jina na nambari ya kituo. Picha nyingi za uongo hukatwa sehemu hiyo makusudi, na fomu isiyo na kituo haiwezi kuhakikiwa, basi iache. Kisha tazama idadi ya wapiga kura waliosajiliwa. Kwa utaratibu wa Kenya kituo kimoja hakizidi 700. Jumlisha kura za wagombea uone kama zinalingana na kura halali, na kama kura halali pamoja na zilizokataliwa hazipiti waliosajiliwa. Mchezeaji anaweza kugeuza tarakimu, mathalani 1 kuwa 4 au 0 kuwa 9, lakini jumla ya chini husahaulika, na hapo ndipo hunaswa. Mwisho fungua fomu ya kituo hichohicho kwenye tovuti ya tume, uziweke mbili ubavu kwa ubavu. Dakika tano zinatosha. Kufutwa na kuandikwa upya peke yake si ushahidi wa wizi. Msimamizi anayejaza fomu usiku wa manane baada ya kukesha hukosea, ndiyo maana jumla na sahihi vina uzito kuliko mwandiko.

Mahakama ya Juu yenyewe ilifanya ulinganishaji wa aina hii katika kesi ya 2022. Ilidaiwa kuwa fomu zilinaswa njiani na kubadilishwa kabla ya kupandishwa. Baada ya uchunguzi wa sampuli, mahakama ikasema fomu za tovutini na zile halisi zilizofikishwa Bomas hazikutofautiana kwa kiasi cha maana, na baadhi ya ushahidi wa kompyuta uliowasilishwa ukaonekana wa kughushi.

Uwazi una shida zake pia. Agosti 2022 vituo vya televisheni vilipakua fomu zilezile na kuonyesha viongozi tofauti saa ileile, kwa sababu kila chumba cha habari kilianzia maeneo yake. Hakuna aliyedanganya, lakini picha mbili za skrini zenye namba zinazopingana zilitosha kuwasha moto kwenye makundi ya WhatsApp. Kisha vituo hivyo vikapunguza kasi, vingine vikanyamaza bila maelezo ya kueleweka. Kwangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko zile namba zenyewe, maana ukimya wa mwanahabari mwenye data hutafsiriwa kuwa amri kutoka juu.

Upande wa pili kuna wanaolipwa. Utafiti wa Mozilla wa mwaka 2021, uliofanywa na Odanga Madung na Brian Obilo, ulieleza kazi inavyokwenda: kikundi cha WhatsApp kinapokea hashtegi, picha, maneno ya kunakili na saa ya kuanza, akaunti nyingi zinatuma kwa pamoja hadi mada iingie kwenye orodha ya zinazovuma Twitter, na malipo ni kama dola 10 hadi 15. Majaji na wanaharakati waliopinga BBI, mpango wa kurekebisha katiba ya Kenya, walikuwa miongoni mwa walengwa. Dalili si ngumu kuzisoma. Panga machapisho ya hashtegi kwa wakati, utazame ya kwanza 50 au 60: sentensi zinazofanana hadi koma, akaunti ambazo jana zilisukuma sabuni na leo zinamtukana jaji, na mada inayozuka alfajiri bila tukio lolote nyuma yake. Mwaka 2017 kulikuwa pia na kazi ya bei ghali, matangazo ya "The Real Raila" yaliyotengenezwa na kampuni ya Harris Media ya Texas, yakiitabiria Kenya maangamizi Raila akishinda. Mtazamaji wa kawaida hakuambiwa nani amelipa.

WhatsApp ndiyo ngumu zaidi. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi hupata alama ya mishale miwili, na tangu 2020 huenda kwenye gumzo moja tu kwa mara moja. Lakini ukinakili maandishi na kuyabandika upya, au ukihifadhi picha na kuituma kama yako, alama inapotea na safari inaanza upya. Na ujumbe wa sauti hauna ukurasa wa kuutafuta kama picha, wala maneno ya kuyaingiza Google. Hapo swali pekee lenye faida ni kumrudia aliyekutumia: wewe umeipata kwa nani, na huyo alikuwa kituo gani?

Serikali hujibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni adhabu: sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni tano, na kifungo cha hadi miaka 10 kwa habari za uongo zinazozua taharuki. Ya pili ni kuzima. Uganda ilikata intaneti Januari 2021, siku chache baada ya Facebook kufuta akaunti ilizozihusisha na wizara ya serikali yenyewe. Tanzania ilizima siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa, na mtandao uliporudi wateja wa simu wakapokea onyo la kutosambaza picha za kuzua taharuki. Katika siku kama hizo wakala wa Mwanza hawezi kutuma fomu yake Arusha ilinganishwe na nyingine. Anayenufaika ni yule ambaye hataki ulinganishaji ufanyike, na sioni jinsi ya kulisema hilo kwa upole.

Kwa uchaguzi wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027 mahitaji ni machache na hayahitaji teknolojia mpya. Tume ichapishe namba za kila fomu 34A katika jedwali linalopakuliwa, si picha peke yake, ili jumla ihesabiwe na kompyuta ya yeyote badala ya vijana kukesha wakinakili mwandiko. Kila fomu iwe na saa iliyopandishwa, na ikirekebishwa, ile ya awali ibaki ikionekana. Televisheni zikubaliane mapema kuandika kwenye skrini idadi ya vituo vilivyohesabiwa kwa kila kaunti, karibu na jina la anayeongoza. Na atakayetangaza asilimia aweke tarakimu tatu baada ya nukta.